Betri Nyepesi Kuliko Debe la Mahindi

Jumamosi iliyopita binti yangu alinisogezea simu hadi karibu na pua. "Baba, nimeipata. Elfu hamsini, nyota nne nukta nane." Ilikuwa pawabenki, na hizo elfu hamsini zilikuwa mAh, kipimo cha chaji inayobeba. Akaanza kunisomea maoni ya walionunua, kwa sauti ya mtu anayesoma shahada: "Mzigo umefika haraka, asante muuzaji. Nyota tano." "Rangi nzuri sana, Mungu akubariki. Nyota tano." "Sijaanza kutumia ila inaonekana imara. Nyota tano."

Nikamuuliza ina uzito gani. Akashuka chini ya ukurasa, kule ambako hakuna anayefika. Gramu 230.

Nikacheka. Akauliza nacheka nini, nikashindwa kumweleza bila kurudi kwenye mparachichi wa bibi yake.

Mama yangu anakaa kijijini, upande wa Makambako. Ilikuwa Desemba 2017, nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zilikuwa zimeishia kijiji cha jirani, na mama alikuwa amechoka na vibatari. Nikaamua Krismasi ile ataipokea na taa. Nikakaa na karatasi, nikapiga hesabu kama inavyotakiwa: taa nne za wati 5 kwa saa tano, hizo ni saa-wati (Wh) 100. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa nne, Wh 80. Simu tatu za nyumbani, tuseme Wh 20. Jumla Wh 200 kwa siku. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 100 inabeba Wh 1,200, na betri ya risasi, aina ile ya magari, huitoi zaidi ya nusu ukitaka ikae miaka, kwa hiyo zinabaki 600. Siku tatu bila jua. Juu yake paneli ya wati 100 na kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, ya ampea 10. Hata leo ukinipa karatasi ile naisahihisha kwa wino wa kijani. Hesabu ilikuwa safi. Namba ndizo zilizokuwa za uongo, na namba hizo nilizitoa kwenye picha ya muuzaji wa mtandaoni mwenye nyota 4.9.

Nilisoma maoni kama arobaini. Msidhani nilikurupuka. Nilisoma arobaini, na katika hayo arobaini hakuna hata mmoja aliyeandika betri ilikaa saa ngapi ikiwa na mzigo gani. Mmoja aliandika, nakumbuka vizuri, kwamba inamkaa vizuri na saizi ni ile ile aliyozoea. Betri! Nilicheka nikapita. Baadaye nikaja kujua maana yake: muuzaji huchukua ukurasa wa bidhaa ya zamani iliyokusanya nyota, mathalani viatu, akabadilisha picha na jina, nyota zikabaki. Ukikuta maoni yanazungumzia kola au soksi kwenye ukurasa wa betri, nyota zote za ukurasa huo ni za viatu.

Mzigo ulifika Ubungo, Dar es Salaam, kwa siku mbili, ukiwa umefungwa vizuri. Na mimi jioni ile ile, kabla hata sijafungua boksi la kontrola, niliingia nikaandika: "Mzigo umefika salama, asante sana." Nyota tano.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Basi, baridi ya Mafinga, mjomba kwenye pikipiki. Paneli juu ya bati ikiangalia kaskazini, maana sisi tuko kusini mwa Ikweta, mlalo wa digrii kumi hivi ili mvua iioshe. Usiku wa kwanza majirani walikuja kutazama taa kana kwamba ni harusi. Usiku wa sita, taarifa ya habari ikiwa katikati, televisheni ikazima, taa zikafifia, kontrola ikakata. Mama alikaa gizani kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, si ulisema siku tatu bila jua? Mbona jua lilikuwepo?"

Nikalaumu mawingu. Nikalaumu waya mwembamba. Kuilaumu betri hakukunijia, maana Ah 100 iliandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni.

Asubuhi yake alikuja mnunuzi wa mahindi. Mama alikuwa na mizani yake ya kuning'iniza, ile ya duara yenye mshale, inafungwa kwenye tawi la mparachichi uani. Gunia moja, la pili, la tatu. Mama anasoma, mnunuzi anasoma, mjomba anaandika kwenye daftari la shule. Mimi nilikuwa nimeichomoa betri niipeleke mjini kwa fundi, nimeishika kwa mkono mmoja, napita pembeni yao nikiongea.

Mama akasema, "Hebu simama."

Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anauangalia mkono wangu. Mama yangu amepima mahindi maisha yake yote, anajua kilo kwa kutazama bega la mtu linavyoshuka, na bega langu halikuwa limeshuka. "Hicho kitu ulisema ni kizito, ndiyo maana ulimlipa kijana wa pikipiki zaidi. Kilete hapa."

Mjomba akatoa kamba ya gunia, tukaizungusha betri mara mbili, tukaitundika kwenye ndoano. Mshale ukaruka hadi 20, ukarudi 13, ukacheza. Tulisubiri. Jogoo alipita chini yake. Mnunuzi, ambaye hakuwa na haraka tena, alishika gari lake la mkono akainama asome naye. Mshale ulitetemeka, ukapungua kutetemeka, ukatulia kwenye 16. Mama akaugonga uso wa mizani kwa kidole kama anavyofanya mnunuzi akimtilia shaka. Ukabaki 16.

"Debe langu la mahindi lina kumi na nane," akasema.

Hakuna aliyeongeza neno. Mnunuzi ndiye aliyevunja kimya, akasema betri ya mashine ya kusaga kwao, imeandikwa mia hiyo hiyo, ikihamishwa yeye hujifanya mgonjwa.

Sasa ngojeni niwaambie kwa nini kilo 16 ni hukumu. Betri ya risasi, iwe ya maji, ya AGM au ya jeli, umeme wake unakaa kwenye madini ya risasi yenyewe. Hakuna ujanja wa kiwandani unaoweka Ah 100 kwenye risasi kidogo. Ya volti 12 yenye Ah 100 za kweli ina uzito wa kati ya kilo 27 na 33. Ya Ah 50 ina kilo 15 hadi 17. Kwa hiyo niliyonunua ilikuwa betri ya Ah 50 iliyovaa shati la kaka yake. Na betri ya mkweli haiishii kuandika 100Ah. Inaongeza C10 au C20, yaani uwezo huo ulipimwa kwa kuimaliza ndani ya saa 10 au 20. Ukiona C100, wamepima kwa kuinyonya polepole siku nne na zaidi, na kwa matumizi yako itatoa pungufu. Yangu haikuwa na C yoyote.

Mama, akiwa sasa amenusa harufu, akauliza, "Na ile ya juu ya bati?"

Tukaishusha. Paneli haihitaji mizani, inahitaji tepu. Jua la mchana likiwa kali kabisa huleta wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli za kawaida za miaka ile zilikuwa zinageuza kama asilimia 15 tu kuwa umeme. Yangu ilikuwa sentimita 82 kwa 45. Zidisha: mita za mraba 0.37. Asilimia 15 ya wati 370 ni kama 55. Ya wati 100 ingetakiwa kuwa na urefu wa mita moja na upana wa sentimita 67 hivi. Nilipita nayo mlangoni bila kuigeuza, nikajisifu kwamba ni ya kisasa.

Saa sita mchana nikathibitisha kwa mita ya fundi. Waya mwekundu unahamishiwa tundu la ampea 10, kitufe kwenye ampea za DC, ncha mbili moja kwa moja kwenye nyaya za paneli. Paneli haidhuriki ukiiunganisha hivyo, ila usithubutu kufanya hivyo kwenye betri, itakuchoma. Paneli ya wati 100 ya aina ile hutoa karibu ampea 6. Yangu ilitoa 3.3. Hapo ikaeleweka kwa nini ilichukua usiku sita na siyo mmoja: kwa jua la Desemba lenye mawingu, paneli ilikuwa inaingiza kama Wh 115 kwa siku, sisi tunatoa 200. Kila jioni tulikuwa tunakula akiba, na akiba yenyewe ilikuwa nusu ya tuliyodhani.

Nilikwenda hata hivyo kwa fundi wa betri za magari pale Makambako mjini. Akaichaji ikajaa, akaifunga taa ya gari ya wati 55, mzigo wa karibu ampea 4.6, tukaandika saa. Ah 100 za kweli zingefika saa 20 kabla volti hazijashuka hadi 10.5, ambapo unatakiwa kusimama. Tulianza saa moja asubuhi. Saa kumi jioni ilikuwa imeshafika. Saa tisa. Akairudisha chaji hapo hapo, maana betri ya risasi ukiiacha tupu hata siku chache, salfeti inaganda kwenye sahani zake na uwezo haurudi wote. Hilo la mwisho ndilo huua betri nyingi za watu ambao wamenunua nzuri.

Jioni nikapanda kichuguu, mahali pekee penye mtandao, nikatafuta kile ambacho ningetafuta kabla ya kulipa. Si nyota. Watu waliopima. Wapo, na wengine ni wazee kuliko mama: Consumer Reports ya Marekani tangu 1936, Which? ya Uingereza tangu 1957, Stiftung Warentest ya Ujerumani tangu 1964. Kilichonikaa ni jambo dogo: bidhaa wanainunua wenyewe dukani kama mteja yeyote, hawasubiri kiwanda kiwaletee moja iliyochaguliwa. Ungetaka kujua mahindi ya gunia, ungechota chini au ungepokea kiganja anachokupa muuzaji?

Lakini mashirika hayo hupima mashine za kufua na viti vya watoto vya garini; vya kwetu wanapita mbali. Cha karibu nilichokipata kilikuwa orodha ya Lighting Global, mradi uliotokana na ule wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na IFC, tawi lake la sekta binafsi; kazi yake ya kupima ubora tangu 2020 inaitwa VeraSol. Hao wanapima taa na seti ndogo za sola, sampuli zikiwa zimechukuliwa kwa bahati nasibu ghalani au sokoni. Wanapima mwanga unaotoka, saa inazokaa, inavyostahimili maji na kuangushwa, kama taa bado inang'aa baada ya saa 2,000, na, hili ndilo nililipenda, kama kilichoandikwa kwenye boksi ni kweli. Kila bidhaa iliyofaulu ina karatasi yake ya matokeo, bure, yeyote anasoma. Ningeweza kumnunulia mama seti moja iliyopimwa, na ingetosha taa, simu, na televisheni ya DC ya seti hiyo hiyo.

Tena kuna jambo linalonisumbua mpaka leo. Betri yangu haikuwa kwenye orodha yoyote, na haingekuwepo. Waliopimwa ni wale waliokubali kupimwa. Orodha inakuonyesha waliofaulu. Kutokuwepo si ushahidi wa ubaya, ni ukosefu wa ushahidi tu. Na soko letu limejaa vitu vya majina ambayo yamebuniwa juzi na yatafutwa kesho kutwa. Upimaji huru ulinifaa kwa namna nyingine kabisa: karatasi za bidhaa zilizopimwa ndizo zilinifundisha kuzihoji kwa vipimo zile ambazo hazijapimwa. Kilo ngapi kwa Ah 100. Mita ngapi kwa wati 100. Na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, niliyoiona kwenye boksi na kutulia? Alama ni wino. Namba ya leseni unaweza kuwauliza TBS wenyewe pale Ubungo, mita chache kutoka nilipopokelea mzigo.

Muuzaji alirudisha theluthi moja ya pesa baada ya picha ya mizani, akaomba nisiseme. Betri mpya niliinunua Makambako mjini, kilo 31, baada ya kumwomba mwenye duka aniazime mizani ya misumari. Aliniangalia kama mtu aliyekuja kununua mbuzi. Paneli ya zamani niliiacha na kuiongezea nyingine kubwa, kila moja na waya wake hadi kwenye kontrola. Ile betri ya kilo 16 ilifanya kazi ya Ah 50 kwa uaminifu bandani miaka minne. Haikuwa betri mbaya. Jina lake ndilo lilikuwa baya.

Nikarudi kwenye maoni yangu, nikayabadilisha: nyota moja, kilo 16, sentimita 82 kwa 45, saa tisa kwa taa ya wati 55. Nilijivunia, nadhani ndiyo maoni pekee yenye namba kwenye ukurasa ule. Baada ya wiki ukurasa haukuwepo. Baada ya mwezi betri ile ile ilikuwepo, ikiwa na picha mpya, imeandikwa 120Ah.

Hayo nilimsimulia binti yangu Jumamosi, naye akasikiliza mpaka kwenye debe, kisha akataka yake. Haya. Seli moja ya duara ya 18650, zile za tochi, ina uzito wa gramu 47 hivi na ikiwa bora kabisa inabeba mAh 3,500. Elfu hamsini zinataka seli 15. Hizo peke yake ni gramu 700, bado ganda na saketi. Gramu 230 zinaingiza seli nne. Tena pawabenki ya kweli ya elfu hamsini ni Wh 185, wala huruhusiwi kupanda nayo ndege. Kwa kawaida mwisho ni 100, au 160 kwa kibali cha shirika. Hata ile ya elfu ishirini ya mkweli haitoi elfu ishirini kwenye simu: mAh zinahesabiwa kwa volti 3.7 za ndani, na tundu linatoa volti 5, njiani nyingine zinapotea kwa joto. Tegemea elfu 12 na ushei. Wenye haya huandika namba hiyo ya pili kwa herufi ndogo mgongoni, na kuiona hapo ni dalili njema kuliko nyota mia.

Akaanza kutafuta upya. Nikamwonyesha kuanza na nyota mbili na tatu, huko ndiko wanakoandika watu waliotumia: "miezi minne sasa, inachaji simu yangu mara mbili tu". Nikamwonyesha kutazama tarehe. Maoni hamsini ya siku mbili za wiki moja yametoka jikoni pamoja. Akapata video ya kijana mmoja aliyezipasua kadhaa, amezifunga kwenye mita ya USB na kuandika Wh zilizotoka kila moja. "Huyu amezinunua au amepewa?" akaniuliza. Swali lilinifurahisha kiasi kwamba nilisahau kulijibu. Kijana hakuwa amesema.

Akachagua ya elfu ishirini, uzito gramu 410 kwa maelezo ya muuzaji. Imefika jana. Kabla ya kuikata boksi alikwenda jikoni akaleta mizani ya unga ya mama yake, akairudisha kwenye sifuri, akaitoa pawabenki kwenye boksi na waya wake, akaiweka peke yake.

362.

Seli sita na ganda, inawezekana kabisa. Inawezekana pia 410 ilikuwa pamoja na boksi na waya. Inawezekana vilevile kuna seli nne na mfuko wa mchanga. Wapo wanaofanya hivyo, mizani humkamata mwongo mvivu tu. Nilianza kumweleza kuhusu mita ya USB, bei yake, namna ya kuichaji ijae na kuimaliza kwa mzigo wa ampea moja huku ukiandika saa, lakini alikuwa ameshaanza kupima boksi.

Simu ikalia. Ujumbe kutoka dukani: tafadhali tupe maoni yako. Nyota tano zikiwa wazi, zinasubiri kidole.

Akaziangalia. "Nikiandika tu kwamba boksi lina gramu thelathini na tano, watanielewa?"

Thelathini na tano. Kumi na tatu zikawa za waya, kama waya una kumi na tatu. Waya hatukuupima, mdogo wake alikuwa ameshauchukua.